Daftari la mjomba: miaka 10, milioni 14 kutoka kwa kijana aliye nje, na nyumba bado pagala. Hela ya kutumiwa inajenga au inalemaza?

#1 Mjomba Daftari (Tandahimba)

Wakuu, habari za humu. Nimekuwa msomaji tu siku zote, leo nimeona nilete langu.

Nina mtoto wa dada yangu yuko Bondeni, Johannesburg, tangu 2016. Kabla ya hapo alikuwa Kariakoo anatembeza mikanda na soksi. Kwa mila zetu mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo hela zake zote zinapita kwenye simu yangu. Tangu Januari 2015 mpaka Disemba 2024 nimeandika kila kilichoingia kwenye kaunta buku. Wiki iliyopita nilikaa na mjukuu wa darasa la saba tukajumlisha. Ni hivi:

Nyumba yake: 5,100,000
Matibabu ya mama yangu (bibi yake): 2,340,000
Jando na unyago: 1,870,000
Misiba: 1,600,000
Ada, sare, madaftari: 1,450,000
Chakula, hasa Januari mpaka Aprili: 1,300,000
Sulfa (dawa ya mikorosho) na palizi: 600,000

Jumla 14,260,000. Sijawahi kushika hela nyingi hivyo kwa mkupuo, na sijui zilivyopita. Nyumba imefika lenta tangu 2021, ndani kumeota mpapai na mbuzi wa jirani wanalala humo. Bibi alifariki. Mikorosho yetu inazaa chini ya ile ya jirani ambaye hana mtoto hata mmoja nje ya wilaya.

Sasa nauliza bila ubishi wa siasa: hela hizi zimetusaidia, au zimetukalisha?

#2 Bin Rahaleo

Mjomba umekula. Kubali tu tufunge uzi.

#3 Mla Ming'oko

Hahaha #2 umemwahi mzee. Shikamoo mjomba. Ngoja nikae vizuri, uzi huu una nyama.

#4 Fundi Tofali (Masasi)

Mjomba shikamoo. Mimi nimejenga nyumba nyingi za aina hiyo, za watu walioko Dar, Sauzi, Oman. Tatizo lako silioni kwenye ulaji, naliona kwenye ujenzi wa kudondosha.

Mtu anatuma laki moja na nusu. Unanunua saruji mifuko michache, tofali zinafyatuliwa, hela inaisha, fundi anaondoka. Baada ya miezi minane anatuma tena. Mvua imeshalamba tofali za juu, robo hazifai. Fundi wa kwanza yuko Kilwa, wa pili anaanza kwa kumtukana wa kwanza, anabomoa kozi mbili, anajenga upya. Mchanga uliomwagwa umekwenda na maji. Milioni 5.1 ukiiweka mezani kwa siku moja unapaua nyumba ya vyumba vitatu ya kijijini. Ukiigawa kwa miaka 10 inafika lenta, kama ilivyofika yako. Hapo hakuna mwizi.

#5 Hesabu Kali

Wakuu tusitishwe na neno milioni. 14,260,000 gawanya kwa miezi 120 ni 118,833 kwa mwezi. Mjomba, mko wangapi hapo nyumbani?

#6 Mjomba Daftari

Tisa. Wakati wa bibi tulikuwa kumi.

#7 Hesabu Kali

Basi ni kama shilingi 440 kwa mtu kwa siku. Hakuna aliyelemazwa na 440, mjomba. Na kwenye hiyo 440 mmetibu, mmezika, mmesomesha na mkawacheza watoto jando na unyago. Swali lako lingekuwa: bila hizo mngekuwa wapi?

#8 Kochoko

Mimi namuunga mkono mleta mada, sipambi. Kijijini kwetu Nanyamba kuna vijana wako pale kijiweni, kaka zao wako Dar. Mwaka mzima wanasubiri simu ilie. Ukimwambia twende shambani anakwambia "broo katuma". Tumelea watoto wa kutumiwa. Zamani tulikuwa tunachimba ming'oko, viazi pori, tukala, leo kijana anaona aibu.

#9 Mla Ming'oko

Ming'oko usiiguse kwenye mifano yako, tafadhali. Hiyo ni heshima.

#10 Nyuki wa Newala

Kochoko, umeangalia waliobaki, hukuangalia nani aliondoka. Mikorosho inataka mgongo. Sulfa inapulizwa alfajiri kabla upepo haujaanza, Juni, Julai, Agosti, mashine iko mgongoni, unarudia raundi kadhaa la sivyo ubwiriunga unamaliza maua. Kazi hiyo inafanywa na kijana wa miaka 20 mpaka 35. Huyo ndiye yuko Kariakoo. Nyumbani kabaki mama mwenye miaka 58 na watoto. Jirani wa mjomba anavuna vizuri kwa sababu wanawe hawajaenda popote, wapo wanapuliza. Tena kwenye daftari la mjomba sulfa na palizi ni laki sita tu kwa miaka kumi. Elfu sitini kwa mwaka! Mikorosho mingapi inapona kwa elfu sitini?

Kwa hiyo kijana alituma hela akaondoa mikono. Mimi sijui kama hapo hesabu inalipa.

#11 Kochoko

Vibarua wapo. Msimu ukifika wanatoka mpaka ng'ambo ya Ruvuma. Hela ikiwepo unaajiri.

#12 Nyuki wa Newala

Hela ikiwepo mwezi wa sita. Kijana wako anatuma mwezi wa sita au anatuma mkilia msiba?

#13 Babu wa Kikwetu (Lindi)

Vijana, mnaongea kama jambo hili limeanza na simu. Naomba nafasi, ingawa nitakuwa mrefu.

Kusini imekuwa ikitoa watu tangu mkoloni, Mjerumani kisha Mwingereza, alipotaka kodi kwa sarafu. Sarafu haioti shambani, kwa hiyo mtu alikwenda mkonge. Wengine waliishia huku huku Lindi, Kikwetu na kwingineko, wengine walipelekwa mpaka Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, SILABU. Unaandikwa namba, ndiyo maana waliitwa manamba. Unapewa kipande, kila siku ya kazi inatiwa alama, mpaka siku 30 zitimie ndiyo ulipwe. Ukiugua kipande hakijai.

Baba yangu alikwenda Tanga mara mbili. Kwa tulivyohadithiwa, safari ya kwanza alirudi na baiskeli na blanketi mbili. Ya pili alirudi na kikohozi. Mjomba wake alimwuliza swali hilo hilo ulilouliza wewe: tumepata nini? Baiskeli ilikuwepo ukutani mpaka mimi nazaliwa, haina matairi.

Kisha ukaja mpango wa Mwingereza wa mashamba makubwa ya karanga Nachingwea, 1947. Reli ikajengwa, bandari ya Mtwara ikachimbwa, watu wakasema sasa kazi imetufuata nyumbani. Mpango ukafa 1951, na reli ikang'olewa miaka ya sitini mwanzoni. Watu wakarudi kwenye kuondoka.

#14 Ruvuma Kavu

Mzee umenikumbusha Wamakonde wa Kenya. Hao waliondoka Newala na hawakurudi mpaka leo, walikaa miaka bila vitambulisho.

#15 Babu wa Kikwetu

Nikusahihishe kidogo mwanangu. Wengi wa wale asili yao ni ng'ambo, Msumbiji, ingawa wako waliotokea upande wetu. Walikwenda kwa mkonge na miwa kule Kwale. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai kutambuliwa, na mwaka uliofuata wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Wazee wao walituma hela nyumbani mpaka siku moja nyumbani pakawa hapajulikani tena ni wapi. Hilo nalo lipo kwenye daftari la kutuma hela, mjomba.

#16 Bin Rahaleo

Halafu kuna machinga. Neno lenyewe limetoka kwa vijana wetu wanaotembea na bidhaa, ati Kiingereza cha "machingi gaizi", vijana wanaopiga kwata barabarani.

#17 Mla Ming'oko

Acha hizo. Wamachinga ni watu kabisa, wako Lindi na Kilwa, wana lugha yao. Vijana wa kwanza kutembeza bidhaa Dar walitoka kwao, jina la watu likawa jina la kazi. Hiyo ya kwata imetungwa baadaye na watu wasiofika Lindi.

#18 Bin Rahaleo

Una ushahidi?

#19 Mla Ming'oko

Bibi yangu ni Mmachinga. Huo hapo ushahidi, unapika wali wa nazi sasa hivi.

#20 Wakala wa Stendi (Newala)

Jamani turudi kwa mjomba. Mimi ni wakala wa kutuma na kupokea pesa, mwaka wa tisa sasa, na kuna kitu nakiona kwenye kibanda ambacho humu hamjakisema.

Kuanzia Februari mpaka Mei, keshi inaniishia saa nne asubuhi. Watu wanatoa tu: elfu ishirini, thelathini, hamsini ikiwa kuna mgonjwa. Hizo ni hela za Dar na nje zinazokuja kula. Hapo mjomba yuko sahihi.

Minada ya korosho ikianza Oktoba, wakulima wakaanza kulipwa benki, kibanda kinageuka. Watu wanakuja kuweka, na kinachoniishia ni floti, salio langu la kwenye simu. Mama anatoka benki na laki nane, anasimama dirishani kwangu ananitajia namba tatu: ya Mbagala, ya Chamazi, ya Kigamboni. Laki ya kodi ya chumba ya mwanawe. Laki mbili za mtaji, wa mwaka jana ulishakufa. Elfu hamsini ya mjukuu anaumwa. Novemba na Disemba kijiji ndicho kinachotuma mjini.

Nimeona mwaka mmoja tu ambao haukugeuka, msimu wa 2018/19. Serikali ilinunua korosho kwa 3,300 kwa kilo ile Novemba, uhakiki ukachukua muda, watu wengi wakawa wanasubiri malipo. Disemba ile kibandani kwangu ilifanana na Machi, Dar ililisha kijiji msimu mzima. Watu waliuza vitu.

Sasa mjomba, naomba nikuulize kwa adabu: daftari lako lina ukurasa wa zilizotoka?

#21 Hesabu Kali

Swali la mwaka. Mjomba jibu.

#22 Bin Rahaleo

Mjomba yuko kimya. Daftari limeliwa na mchwa.

#23 Dada wa Shangani (Mtwara mjini)

Wakati mjomba anatafuta miwani, niongee mimi, maana nyuzi hizi kila siku ni "kijana, kijana", kama wasichana hawaondoki.

Mimi niliondoka Mtwara 2009 nikiwa na miaka 15, nikaenda kuwa dada wa kazi Dar. Mshahara wangu sikuushika. Tajiri alikuwa anamtumia baba moja kwa moja kwenye simu, mimi naambiwa "nimeshatuma". Miaka minne. Hakuna aliyeandika kwenye daftari lolote kwamba ile hela ilitoka kwenye mikono yangu. Ilikuwa "hela ya baba".

2017 nikaenda Muscat, nikarudi 2021. Mambo ya kule sitayaandika hapa, wanaojua wanajua: pasi unaiona siku ya kuondoka tu. Safari hii nilituma kwa mama, si kwa mjomba wala kaka. Mama akanunua kiwanja, akaanza na kisima cha kuvunia maji ya mvua, ndiyo akapandisha nyumba. Leo kaka zangu wawili na watoto wao wanaishi humo. Wanaiita nyumba ya mama. Sawa. Mimi nina chumba cha uani na kibanda cha chapati Shangani.

Ninachotaka kusema: angalieni nyumba zilizoisha na zisizoisha. Zilizoisha nyingi ni za binti. Na sababu si kwamba sisi ni waaminifu sana.

#24 Fundi Tofali

Dada hapo umegusa kitu nimekiona miaka mingi sikuwa na maneno yake. Kweli kabisa, za mabinti zinaisha haraka. Kwa nini?

#25 Dada wa Shangani

Kwa sababu binti anajua anajenga kwa nani. Kwetu ukoo unakwenda kwa mama. Nikijenga kwa mama yangu, nyumba ni ya ukoo wangu na wanangu ni wa ukoo huo huo. Mwanaume akijenga kwa mama yake, anajengea dada zake na wapwa. Akijenga kwa mkewe, anajenga ugenini, wakiachana anaondoka na begi. Akijenga kwake na mkewe Dar, kwao wanasema kapotea. Kwa hiyo anajenga kidogo kila mahali. Kijana wa mjomba nina hakika ana kiwanja Chamazi.

#26 Mjomba Daftari

Mwanangu wa Shangani umejuaje? Kipo. Chanika, siyo Chamazi.

#27 Mla Ming'oko

😂😂 Dada ni mganga.

#28 Kochoko

Hiyo ya ukoo wa mama siikatai, lakini imepitwa. Siku hizi watoto wanachukua jina na mali ya baba, dini nayo imeingia, sheria nayo. Mapagala ninayoyajua mimi Masasi ni ya watu waliooa kwa sherehe kubwa kuliko mfuko.

#29 Narudi Kesho (Johannesburg)

Mniruhusu niongee kama mtumaji. Niko Sauzi, kwetu Nachingwea.

Mnaliona pagala kama aibu. Kwangu ni benki. Hela ikiwa kwenye simu ya mama, kila mtu anajua ipo: shangazi ana mgonjwa, mjomba ana kesi, jirani ana harusi. Ikiwa tofali, haiombwi. Nani atakuja kwa mama aseme niazime tofali 40 nikalipie hospitali? Najua mvua inakula robo, kama alivyosema fundi. Ndugu wangekula zote nne.

Pili, pagala linaonekana. Watu wakipita wanasema yule bado yuko hai, bado anafikiria nyumbani. Mwaka nilioacha kutuma kabisa, 2019, baada ya vurugu za Septemba dhidi ya wageni, kijijini walishaanza kuulizana kama nimekufa. Tofali zilinisemea.

Tatu, gharama. Benki ya Dunia inaitaja Afrika Kusini kila mara kuwa miongoni mwa nchi ghali kabisa za kutumia hela. Na ukiwa huna karatasi, benki huingii. Tunampa mtu randi hapa, anapiga simu Kariakoo, mwenzake anatuma kwa simu. Wanakata juu na chini. Mjomba anaandika laki, mimi nilitoa zaidi ya laki.

#30 Hesabu Kali

Tena hela za namna hiyo hazionekani kwenye takwimu. Kenya 2023 walipokea kutoka nje dola bilioni 4.19 kwa hesabu za benki kuu yao. Sisi rasmi tulikuwa chini sana ya hapo. Sehemu ya tofauti ni kwamba wao wana watu wengi Marekani na Uingereza, sehemu ni kwamba zetu zinapita mlango wa nyuma.

#31 Ruvuma Kavu

Usisahau tozo. Julai 2021 walipoweka tozo ya miamala mimi niliacha kutuma kwa simu, nikarudi kwenye bahasha kwa konda wa basi kama zamani. Mpaka leo tozo ipo kutuma na kutoa.

#32 Wakala wa Stendi

Sahihisho. Ilianza tarehe 15 Julai 2021, kweli ilichoma. Septemba ileile wakapunguza asilimia 30, 2022 ikashushwa tena, na Julai 2023 ya kutuma ikaondolewa, ikabaki ya kutoa. Makato ya kampuni ni jambo jingine, watu wanachanganya.

Bahasha za konda zilirudi hata Newala. Kuna konda alikuwa na daftari zuri kuliko la mjomba.

#33 Babu wa Kikwetu

Bahasha ya konda nayo ni maendeleo. Kabla ya Daraja la Mkapa pale mto Rufiji, 2005, tulikuwa tunasubiri kivuko pale Ndundu, masika barua ya Dar inakaa mwezi.

#34 Bin Rahaleo

Mzee leo nakusahihisha mimi: daraja lilifunguliwa 2003. Na hata baada ya daraja, kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, kiliendelea kututesa, lami ilichelewa miaka.

#35 Babu wa Kikwetu

2003, sawa. Nimekubali. Umri.

#36 Nyumba ya Wageni

Mimi ni mfano wa waliorudi, mjue na sisi tupo. 2012 kila mtu alisema gesi. Nilikuwa Temeke na duka la nguo, nikauza, nikarudi Mtwara mjini nikajenga vyumba sita vya wageni. Miezi ya kwanza nilikuwa nakataa wateja. 2013 Januari na Mei mnajua yaliyotokea mitaani, zile vurugu za kupinga bomba la gesi kwenda Dar. Bomba likakamilika 2015, gesi ikaenda Dar, wajenzi wakafunga mabegi. Kiwanda cha saruji cha Dangote kikafunguliwa mwaka huohuo, kikaokoa kidogo, madereva wa malori wanalala kwangu.

Sasa kichekesho: mwanangu wa kwanza yuko Dar, ananitumia hela ya kulipia umeme wa vyumba vya wageni.

#37 Mla Ming'oko

Pole mkuu, lakini nimecheka.

#38 Mama Nyakanga

Nimesoma yote. Kuna watu wameipita 1,870,000 ya jando na unyago kama hela iliyotupwa. Nani kasema? Wale watoto wanaozaliwa Mbagala wanaletwa hapa likizo, wanachezwa, wanajulikana ni wa nani, wanapewa somo. Kijana aliyelipia ngoma ya wapwa wake ana mahali pa kuzikwa. Mnataka alipie bati, halafu siku ya msiba wake waje majirani wa Chanika?

#39 Kochoko

Mama heshima yako, lakini ngoma ya siku hizi ina spika nne, jenereta na sare tatu. Hilo si somo, hiyo ni harusi ya mtoto wa miaka kumi.

#40 Mama Nyakanga

Spika zinaletwa na nani? Na hao hao wa Dar. Sisi tulikuwa na ngoma za ngozi tu.

#41 Mjomba Daftari

Wakuu nimerudi. Sikukimbia, betri ilikuwa imekwisha na nilikuwa namtafuta dada yangu, maana maswali ya wakala yaliniuma.

Ukurasa wa zilizotoka haukuwepo. Tumekaa na dada tukakumbuka. 2015 mtaji wake wa Kariakoo, 350,000. 2016 pasi, nauli na hela ya kuanzia Sauzi, 1,800,000, yote ya korosho ya msimu ule. 2019 Septemba kibanda chake kilivunjwa kikaporwa, akapiga simu analia. Tulikodisha mikorosho 40 kwa misimu miwili, tukampelekea 2,500,000. Jumla 4,650,000. Sijahesabu korosho zilizobanguliwa, unga wa muhogo na kuku ambao kila Disemba wanapanda basi.

Nilikuwa nimesahau kabisa ile mikorosho 40. Ndiyo ile ninayosema inazaa chini ya ya jirani. Aliyekodi hakuipulizia vizuri, alichuma akaondoka.

#42 Hesabu Kali

14,260,000 toa 4,650,000 ni 9,610,000. Sasa 440 yako imeshuka hadi karibu 297 kwa mtu kwa siku. Na uzalishaji wa mikorosho 40 kwa miaka miwili haumo.

#43 Nyuki wa Newala

Kwa hiyo kijiji ndicho kilichomwokoa Sauzi, halafu mjomba anauliza kama Sauzi imetukalisha.

#44 Narudi Kesho (Johannesburg)

Ndugu Nyuki usiende mbali hivyo. Kama asingekuwa huku, bibi angetibiwa kwa hela gani? Milioni mbili na laki tatu ya hospitali haiji mwezi wa tatu kutoka kwenye mkorosho. Mkorosho unalipa mara moja kwa mwaka, mgonjwa hangoji mnada. Sisi ndio tunaziba miezi ambayo mti umelala.

#45 Wakala wa Stendi

Hapo nakubaliana na wewe, ndicho ninachokiona dirishani. Lakini nisisitize, mwenye deni ni nani sijui. Kila mtu anakuja kwangu amenuna.

#46 Kochoko

Na vijana wa kijiweni je? Hakuna aliyenijibu.

#47 Dada wa Shangani

Wapigie simu kaka zao uwaambie wasitume mwezi mmoja, uone kama wataenda shambani au wataenda Dar. Mimi naona watapanda basi.

#48 Bin Rahaleo

Mjomba, nilisema umekula. Nafuta.

#49 Mjomba Daftari

Nimesamehe. Kumbe kijana mwenyewe ameuona uzi huu, kanipigia jana usiku. Kanitambua kwa mbuzi wa jirani. Hakukasirika. Kaniambia nimpige picha kila ukurasa, na ule mpya niliouanza juzi nao nimtumie. Halafu kasema mwezi wa sita atatuma ya sulfa kabla ya ya nyumba. Dada yake amenuna, anataka bati kwanza. Mimi niko katikati.

#50 Fundi Tofali

Mjomba, kabla hamjagombea bati. Ile lenta ya 2021 mliweka nondo ngapi?

#51 Mjomba Daftari

Mbili.

#52 Fundi Tofali

Usipandishe mtu juu mpaka nije. Na wale mbuzi watoe humo leo.